Kirumbizi cha Kwenda Norwe

Jumatatu, 15 Oktoba 1984

Habari kubwa! Bi Ingrid anarudi kwao Norwe mwezi ujao, tena harudi peke yake. Imesemwa wazi kwa muuza kahawa: anataka kijana mmoja wa Malindi akajitolee mwaka mzima kwenye nyumba ya watoto walemavu huko kwao, kama yeye alivyojitolea hapa na watoto wetu. Nauli juu yao. Chakula juu yao. Koti juu yao!

Kijana huyo ni mimi. Simwoni mwengine.

Tatizo ni Harith. Jirani yangu, tulisoma chuo kimoja cha Kurani, na tangu udogoni hachoki kunitangulia. Kila asubuhi yuko kwenye nyumba ya watoto walemavu ya hapa mtaani, anamsaidia Bi Ingrid kunyoosha miguu ya watoto waliopooza. Mimi sijawahi kuingia ndani. Lakini nimepita nje mara nyingi, na kwa nia njema.

Nimemweleza mama. Akauliza Norwe watanifanyia nini, mtu nisiyeweza kuosha uso mpaka maji yapashwe moto.

Jumanne, 16 Oktoba

Nimeanza kujitolea. Nilivaa kanzu ya Ijumaa ili nionekane. Kosa. Dena, mtoto wa miaka sita ambaye mikono haimtii, alinimwagia uji kifuani. Nilitaka kukasirika, ila alicheka mpaka akaishiwa pumzi, na mimi nikajikuta nacheka naye.

Bi Ingrid nilimkuta chini kwenye mkeka, leso kichwani, ameshika unyayo wa mtoto anahesabu moja, mbili, tatu kwa lafudhi ya Malindi hasa. Mtoto analia, yeye anamwimbia, na mguu unanyooka kidogo kidogo. Ameacha kwao akaja kufanya hivi! Nilimwambia anastahili sifa kubwa. Akanishukuru, akanipa ndoo.

Halafu yuko Zeina. Ana miaka kumi na mmoja, chuma mguuni, magongo mawili. Anapanda ngazi za baraza upesi kuliko mimi na ndoo yangu. Aliniambia naishika ndoo kama nimeiazima.

Jioni, zoezi la baridi. Nilikwenda kwa muuza samaki nikakalia kipande cha barafu. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, yaani si sana. Mama kasikia harufu ya samaki kwenye kikoi, akakitupa nje ya mlango.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nimepata mpango! Jumamosi ni sikukuu ya Kenyatta. Wazazi watakuja uani kwa watoto, na mpiga zumari ameshaalikwa. Patakuwa na kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo: anayemwangusha mwenzake fimbo ndiye mshindi. Harith hajui kushika fimbo. Mimi mtaa mzima unanijua: nikiingia uwanjani, wenzangu hukumbuka wana shughuli nyumbani.

Basi nitamwita mtoto mmoja tucheze, na nitajiangusha fimbo kwa makusudi. Bi Ingrid ataona moyo wangu. Ataona mtu shujaa aliyekubali kushindwa kwa ajili ya furaha ya mtoto. Karibu nilie nikifikiria.

Nimemchagua Zeina. Wanaume wawili mlangoni walinong'ona kwamba ule si mchezo wa wasichana. Bi Ingrid akauliza kama fimbo inajua nani kaishika. Zeina mwenyewe aliniuliza kama mama yangu ana habari.

Nimewapelekea watoto halwa. Wamekula yote, hawajaahidi chochote.

Jumamosi, 20 Oktoba

Sijui niandikeje.

Uani palijaa. Nilivaa kofia aliyonishonea mama kwa mkono, miezi mitatu ya macho yake. Zeina aliegemea gongo moja, la pili akalishika kama fimbo. Mpango ulikuwa mzuri. Kilichoharibu ni zumari.

Mtu wa pwani hawezi kushindwa kwa hiari zumari ikilia! Damu ilinipanda. Nilizunguka, nikarusha kanzu, nikasahau Norwe, nikasahau Bi Ingrid, nikalipiga gongo lake kwa nguvu ili nishinde kweli. Naona haya kuandika haya.

Yeye hakusogea. Alikinga, akakinga tena, macho yake kwenye mkono wangu tu. Halafu gongo likapita chini ya fimbo yangu, likainua. Fimbo ikaenda kwa akina mama. Kofia ikaenda kwenye sufuria la mchuzi.

Uwanja mzima ulipiga vigelegele. Zeina alisimama wima, jasho linamtoka, kidevu juu. Nimecheza kirumbizi tangu utoto na sijaona mkono kama ule. Nilipiga makofi kuliko wote. Harith ndiye aliyenitolea kofia mchuzini.

Jumapili, 21 Oktoba

Bi Ingrid hakuchagua mwenyewe. Alisema anayekwenda atakaa na watoto, basi watoto ndio wanaojua anayefaa. Akatutaja mmoja mmoja. Anayemtaka mtu ainue gongo, na asiye na gongo mkono.

Harith: yaliinuka magongo yote. Dena alisaidiwa kuinua mkono. Stambuli, yaani mimi: hata kijiti.

Halwa yote ile!

Nilikwenda kukaa ngazini. Zeina akaja akakaa karibu, akakilegeza chuma cha mguu wake.

"Harith anajua kunyoosha miguu," akasema. "Huko wanahitaji mtu wa kazi. Na wewe ukienda, hapa tutamshinda nani?"

Nikafuta macho kwa pindo la kanzu. Nilimwambia ni vumbi.

Jumatatu, 22 Oktoba

Nimempa Harith mkono na pole ya baridi. Anastahili, na sisemi zaidi.

Mama ameifua kofia. Doa la bizari halitoki. Amesema niivae hivyo hivyo, ndiyo cheti changu.

Nimekaa nikatafakari usiku kucha, na nimeona kosa langu lilipokuwa: nimependwa. Mwakani anakuja mtu mwengine wa kujitolea, Mholanzi, na bila shaka naye atataka mtu wa kurudi naye. Watoto wakinipenda hawataniachia. Kwa hiyo lazima nichukiwe mapema. Nitakuwa mkali. Sitacheka. Halwa, hata kipande. Mpango hauna tundu!

Naanza kesho.

Ila kesho Zeina amenipa marudiano, na Dena ameniagizia halwa. Naanza keshokutwa.