Mguu wa Kushoto wa Sir Tobeni

Jumapili, 4 Mei 2014

Nani huyu mshenzi aliyekanyaga mchanga wangu? Nimeufagia baada ya alfajiri, umelala kama shuka iliyopigwa pasi. Narudi saa nne, nyayo tatu! Pekupeku! Zulaika, kama ni wewe nitakufinya masikio, mjukuu wangu au si mjukuu wangu.

Zulaika kaapa si yeye. Kasema, Nyanya, tazama kwanza, mguu wenyewe mkubwa kama sinia. Kweli. Na ni wa kushoto mtupu. Wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto, kutoka langoni kuja nyumbani. Wa kulia haupo.

Nikaelewa. Ni Sir Tobeni. Daktari wa timu alimwambia arukeruke mchangani kwa mguu mmoja, goti lipate nguvu. Basi. Bosi hafinywi masikio.

Niandike, maana kichwa kimejaa. Mimi ni Sundus binti Aboud, wa Kuze, Mombasa. Nilisoma hadi darasa la tatu, na zaidi ya hapo sikuhitaji. Sir Tobeni ni Mdenmark, kiungo, jezi nambari nane. Mwaka wa pili huu namlisha hapa Dubai, mimi jikoni, Zulaika usafi. Jezi zake kuukuu nimezipeleka nyumbani kwa majahazi ya bandari ya Hamriya, nusu ya mtaa wa Kuze ni nambari nane. Nimewaambia hakuna kiungo kama yeye Ulaya nzima. Na sasa mkataba wake unakwisha mwezi huu. Timu isipompa mwingine, anaondoka. Akiondoka, visa zetu zinafutwa, turudi kwetu kama mizigo iliyokataliwa bandarini.

Mimi? Nirudi kwa kufukuzwa?

Leo Harriet, yule Mganda mpishi wa villa ya jirani, kaniita bibi kwa Kiganda juu ya ukuta. Jjajja, anza kufunga mabegi, mzungu wako anakimbia kama friji! Kacheka mpaka kilemba kikamtoka.

Tutaona.

Jumatatu, 5 Mei

Nyayo leo ni tano. Zimesogea. Wa mwisho umefika kwenye mdimu. Leo sikukasirika hata kidogo, nimefurahi! Bibi yangu, Mungu amrehemu, alimzuia babu yangu baharia kwa mchanga wa unyayo. Babu hakusafiri tena. Hakwenda hata sokoni. Miaka thelathini alikaa barazani akitazama mlango. Ni dawa inayofanya kazi ile.

Masharti nayakumbuka. Saa sita kamili, jua utosini, kivuli kimejificha chini yako. Kijiko kisichowahi kuingia kwenye chumvi. Mkono wa kushoto. Kinywa kimefungwa, na kwangu hilo ndilo gumu. Nikauchota unyayo wa mwisho, kisigino hadi vidole. Nikaufunga katika kipande cha kaniki, mafundo saba. Kilichobaki, kuzika kizingitini.

Balaa la Dubai, kizingiti ni marumaru! Utazika wapi? Nimezunguka milango yote na kisu cha keki mkononi. Mlango wa jikoni, kigae kimoja kinacheza. Nikakibandua. Kisu kimevunjika. Kifurushi ndani, kigae juu, nikakikanyaga mara tatu.

Hapo friji ikanyamaza. AC ikanyamaza. Nyumba nzima kimya, kama mtu aliyezuia pumzi. Kisha vyote vikaendelea. Umeme wa watu hawa nao!

Zulaika kauliza kisu cha keki kiko wapi. Nimemwambia kaazima Harriet.

Jumatano, 7 Mei

Mchangani hakuna unyayo mpya, jana wala leo. Vizuri. Kafungwa.

Saa sita mchana. Sir yuko mazoezini. Zulaika nje anaanika. Mimi juu, nakunja taulo. Nikasikia chini: du. Kimya. Du. Kimya. Du. Kitu kinagonga ukuta, pole pole, kwa mahesabu. Nikajua ni Harriet kaja kuiba viungo. Nikashuka na ufagio.

Jikoni hakuna mtu. Mlango wa nje umefungwa kwa ndani. Kapu la vitunguu liko chini, na kitunguu kimoja kinabingirika peke yake kutoka ukutani. Kikaja hadi katikati ya chumba. Kikasimama. Sikukipumulia hata. Halafu kikaondoka kwa kasi, du, ukutani, kikarudi palepale.

Nikakiambia kitunguu kwamba mimi si wa kuchezewa. Nikakikata, nikakikaanga.

Unga ulikuwa umemwagika sakafuni. Kwenye unga, nyayo. Za kushoto. Zimezunguka meza, zimekwenda hadi mlango wa kuingilia sebuleni, zikageuka. Zimekwenda tena, zikageuka tena. Pale mlangoni zimepandana moja juu ya nyingine, kama mtu anayesukuma. Hazikuvuka.

Nimepiga deki mara mbili. Chapati zimeungua. Sir kala hivyo hivyo, kasema asante. Huyu mtu ana adabu kuliko wote niliowapikia.

Alhamisi, 8 Mei

Goti la Sir limevimba. Kaniomba nimkande. Mafuta ya nazi, karafuu kidogo. Kaketi sebuleni, Zulaika anatafsiri.

Kasimulia maisha yake. Alizaliwa kwenye kamji ka Denmark ambako uwanja unaganda, wanakwangua barafu kwa koleo ndipo wacheze. Miaka kumi na saba, timu kubwa. Kisha Uholanzi, miaka minne, watu wakiimba jina lake. Timu ya taifa, mara kumi na moja. Kisha Ujerumani, na huko mwaka 2010 walimkanyaga, goti la kushoto likapasuliwa mara tatu. Uingereza alikalia benchi mpaka benchi likamzoea. Halafu Dubai. Kacheka, kasema mguu wake halisi aliuacha kwenye nyasi za Wajerumani, huu alio nao ni wa kuazima.

Nikamwambia acha upuuzi, mtu mzima wewe. Zulaika hakutafsiri.

Halafu nikautazama mguu vizuri. Kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake, kimepinda kama tangawizi. Tangu Ujerumani, kasema. Nikaacha kukanda. Unyayo niliouchota ulikuwa na vidole vitano vimenyooka.

Nikamuuliza kuhusu kurukaruka mchangani. Kasema anarukia wa kulia peke yake, ndani ya uwanja wa mazoezi. Huu wa kushoto haujakanyaga mchanga wa nyumba hii pekupeku hata siku moja.

Ukutani kuna picha yake, kijana wa miaka ishirini na mbili, pekupeku kwenye nyasi, kombe mkononi. Vidole vitano. Vimenyooka.

Kisha kasema neno ambalo Zulaika alilitafsiri kwa sauti ndogo. Wiki iliyopita mguu ulianza kupata joto. Kila siku zaidi. Kama kitu kinatembea kutoka mbali kinakuja. Alifikiri, labda. Labda Jumamosi, mechi ya mwisho, waone, wampe mkataba. Lakini Jumatatu, saa sita mchana, joto likakatika. Kama kufungiwa mlango.

Nikakanda kwa nguvu. Kalia kwa maumivu. Nikasema mafuta yameingia.

Ijumaa, 9 Mei

Zulaika kajua. Kaniona nikikitazama kigae. Kaniambia ule mguu umetembea kutoka Ujerumani kumtafuta mwenyewe, Nyanya, umefika mlangoni, nawe ukaufunga! Kaniambia nifukue sasa hivi. Mtoto niliyemfundisha kujifuta pua ananiamrisha!

Nikafikiri. Mimi huwa nafikiri. Nisipofukua, Sir kesho atacheza kama friji, timu itamwacha, anaondoka. Nikifukua, mguu unarudi, anakuwa yule wa kwenye picha, wazungu wa Ulaya wanamwona, wanamchukua. Anaondoka! Huku kuondoka, kule kuondoka. Na sisi je?

Na Harriet leo kamleta binamu yake, Loise, wakachungulia jikoni kwangu juu ya ukuta. Kasema Loise anapenda kuona jiko lake mapema. Jiko lake!

Baada ya sala ya Ijumaa nikafukua. Kifurushi kilikuwa na joto. Si joto la jua, joto la mwili. Nikakishika, kikabana na kuachia, kama misuli ya mtu anayeota anakimbia. Zulaika katoka mbio.

Nikafungua mafundo. Nikapima kwa kikombe cha kahawa. Nusu nikairudisha chini ya mdimu. Nusu nikaifunga tena, kigae juu. Mguu kiasi! Acheze vizuri timu yake imtake, asicheze vizuri sana Ulaya imtake.

Kwa nini hakuna aliyefikiria hivi kabla yangu?

Jumamosi, 10 Mei

Mechi. Tumetazama jikoni, mimi, Zulaika, na Harriet aliyejikaribisha mwenyewe.

Kipindi cha kwanza! Sijui niandikeje. Sir alikimbia kama mtu wa miaka ishirini na mbili. Pasi zake zilifika mahali kabla watu hawajafika. Dakika ya thelathini na moja kaupiga mpira kwa kushoto kutoka mbali, golini. Mtangazaji wa Kiarabu kalia machozi. Harriet kasahau kutafuna. Kasema, Jjajja, huyu mmemlisha nini?

Na muda wote huo kapu la vitunguu, kimya.

Mapumziko. Nikachemsha chai. Wachezaji wakarudi. Filimbi ikalia, na chini ya meza, kwenye miguu yetu: du.

Kwenye televisheni Sir alisimama. Akautazama mguu wake, kama mtu anayejipapasa mfukoni, ufunguo haupo. Mpira ukampita. Ukampita tena. Du. Du. Harriet kauliza ni nini hicho. Nikasema panya. Kasema panya wa Dubai wanavaa njumu?

Dakika ya hamsini na nane, kocha kamtoa. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Alikuwa akichechemea, analia, anacheka.

Jumapili, 11 Mei

Timu imesema hapana. Mtu wa nusu mechi hawamtaki.

Sir kaja jikoni kutuambia. Kasimama mlango wa sebuleni, upande wake. Kasema anarudi Denmark, mpira khalas, basi. Kasema hana kinyongo, dakika arobaini na tano mguu ulimrudia, wengi hawapati hata moja. Alitaka tu kujua ulikwenda wapi tena.

Kitunguu kikatoka chini ya meza. Pole pole. Kikabingirika hadi mlangoni, kikasimama mbele ya kiatu chake, upande huu wa mlango. Kakitazama. Kasema maneno ya kwao, kwa upole, kama mtu anavyosemesha farasi.

Zulaika kanifinya pajani. Sema, Nyanya. Sema sasa. Nikafungua kinywa. Kigae kiko pale, hatua tatu. Kitu cha kufumba na kufumbua.

Nikamwambia Sir chai inapoa.

Jumanne, 13 Mei

Kaondoka saa tano asubuhi. Kavaa viatu vyote viwili, kavuka mchanga wangu hadi garini. Kageuka, kapunga mkono. Kamwachia Zulaika ile picha ya ukutani.

Nilichukua ufagio, halafu nikakumbuka mchanga wa msafiri haufagiliwi siku ileile. Nikautazama. Alama za kiatu cha kulia. Kulia, kulia, kulia, hadi langoni. Za kushoto hakuna hata moja.

Zulaika hajanisemesha tangu saa tano. Jikoni, du, hadi alasiri. Leo kwa kasi zaidi.

Kasahau kofia yake. Nimeifua.

Alhamisi, 15 Mei

Ushindi! Nani alisema nitafungasha?

Jana Mubin, anayesimamia nyumba za arbab, Mwarabu mwenye villa hii, kamleta Loise achukue jiko. Mimi nikakaa bustanini na begi langu, kama malkia. Saa sita na dakika tano Loise katoka na mwiko mkononi, hana viatu, kapitiliza lango, kapitiliza villa ya Harriet. Wanasema yuko Ras Al Khor kwa kaka yake wa gereji, hataki kuona vitunguu. Mubin kaingia mwenyewe kutazama. Katoka mweupe. Kaniuliza, Mama, wewe unaweza kukaa humu? Nikamjibu, mimi naweza kukaa popote. Kasema visa zetu atazihamisha leo leo.

Harriet kachungulia ukutani, karudisha kichwa upesi. Raha iliyoje.

Na mpangaji mpya tayari! Kipa, anaanza Julai. Asubuhi alikuja na Mubin kuitazama nyumba. Mrefu, mpole, mkataba wa mwaka mmoja tu. Mmoja! Ndiyo kusema mwakani tuanze tena wasiwasi? Wakati kaacha alama ya kiganja kwenye kioo cha mlango wa bustani, kubwa, safi, vidole vitano?

Zulaika kafungua kinywa hatimaye. Kasema, Nyanya, yule kaka alikuja mikono mfukoni, katoka mikono mfukoni, na kile kiganja kilikuwepo tangu jana, chini zaidi kidogo. Kinapanda. Kinatafuta kitasa. Namna mtoto huyu anavyopenda kunipinga!

Zulaika, weka hicho kitambaa chini, kioo kisiguswe. Niletee kaniki iliyobaki na kijiko kisichoingia chumvi, upesi, imebaki robo saa ifike sita. Na wewe uliye chini ya meza, acha kugonga ukuta wangu, sogea, mpishe mwenzio.