Bakuli la Mama Nimelitia Maharage

Jumatatu, 4 Agosti
Baada ya sala nimefungua kabati. Nimetoa bakuli la kaure la marehemu mama, lile ambalo hata nzi hakuruhusiwa kutua juu yake. Nimelitia maharage! Mungu anisamehe, lakini nina sababu. Dada yangu hajakanyaga hapa tangu tumzike mama. Nikimpigia, ananiambia atakuja, atakuja. Basi, atakuja. Nimekula barazani ili jirani yangu mshonaji, tunayemwita Redio, anione. Akauliza kama nina wageni. Nikamjibu hapana, siku hizi ndiyo sahani yangu.

Jumanne, 5 Agosti
Kimya. Redio kakaukiwa sauti, anaongea kwa ishara! Miaka yote hiyo, koo limechagua wiki hii.

Jumatano, 6 Agosti
Sauti imerudi. Nami nimeongeza chumvi: nimefulia soksi humo humo, mchana kweupe. Nimetubu kabla ya kuanza, na nilipomaliza.

Alhamisi, 7 Agosti
Dada kapiga! Kauliza kama nimerukwa na akili. Kasema sisi vitinda mimba tulidekezwa, kesho anakuja kunikomesha. Nimekata simu nikacheza peke yangu jikoni. Nimetandika kitanda cha wageni, shuka jipya.

Ijumaa, 8 Agosti
Kanigombeza toka mlangoni, salamu zikafuata baadaye. We mtoto, kasema, una kichaa? Raha iliyoje, kuitwa mtoto na mvi hizi! Kalisugua bakuli, kalinusa, kalisugua tena. Halafu akaanza kucheka mwenyewe. Kumbe nilipozaliwa beseni lilikuwa limetoboka, mama akaniogeshea kwenye bakuli hilo, akamwapisha dada asimwambie mtu. Tumecheka mpaka chai ikapoa. Nikamsihi alale. Kasema basi la jioni halimsubiri. Kalifunga bakuli kwenye blanketi, kaondoka nalo. Kasema kwangu si mahali salama.

Shuka limebaki halina hata kunyanzi.

Jumapili, 10 Agosti
Ibadani tumefundishwa kuridhika. Maneno mazuri sana, yamenigusa. Nimerudi, nimekula kwenye sufuria, nimesikia kijiko changu mwenyewe kikikwaruza.

Ukutani ipo bakora ya marehemu baba, yenye kichwa cha pembe. Dada anaipenda kuliko macho yake. Nami nyanya zangu zinalala chini, maskini, hazina pa kuegemea. Nimeisimika bustanini, upande wa barabarani, inaonekana vizuri kabisa.

Shuka nimelifua. Likikauka nalitandika.