Malalamiko Juu ya Darasa la Alhamisi la Kutembea na Kuanguka

Kwa Bwana Abdulwakil,
Mwenyekiti, Kamati ya Ukumbi wetu, Barking, London.

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, na kwamba sukari imeshuka.

Ulinituma nikalichunguze darasa la voging, ile ngoma iliyoanzishwa na mashoga weusi wa New York ambao wengi wao walikuwa wamefukuzwa makwao, ili Jumapili kamati ipige kura kulitoa ukumbini. Nimehudhuria Alhamisi sita. Ulisema moja ingetosha, lakini mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwalimu, kijana aitwaye Douglas, mwenye kucha ndefu kuliko zangu, alinitazama nikivuka ukumbi akaniambia sijui kutembea. Nina miaka sitini na moja, Mwenyekiti, na siku zote nimefika nilikokuwa nakwenda. Akanifundisha upya: kidevu juu, mabega nyuma, nyonga zitangulie. Sasa nikiingia buchani watu wananipisha, na muuza nyama ananiita madamu. Sikuzoea.

2. Tuliambiwa ngoma hii ni ya kigeni na itatuharibia mila. Nimeitazama kwa makini. Wawili wanasimama uso kwa uso, wanatabasamu, na kwa mikono na macho tu wanatukanana mpaka ukumbi mzima unajua nani kapashwa. Hawagusani. Mwenyekiti, hawa wametuibia taarabu! Mkeo Bi Suad anaweza kutoa ushahidi, maana kwenye harusi ile ya kule Hayes alinifanyia vivyo hivyo, na wimbo ulikuwa haujafika hata kwenye kiitikio.

3. Upo mtindo wa kujiangusha chali, mguu mmoja umekunjwa. Binti mmoja, Armelle, alianguka vizuri mno hata mkono wangu ukaingia mkobani wenyewe. Nikainuka huku nacheza, nikaenda kumtunza noti kwenye paji la uso kama ilivyo ada. Muziki ukazimwa. Maskini, alidhani nalipia darasa, akaniletea stakabadhi kutoka mapokezi. Nilipowaeleza maana ya kutunza, mambo yaliharibika kabisa. Tangu siku hiyo wote huja kuangukia mbele ya kiti changu, na imebidi nihame mara tatu.

4. Hili ndilo kubwa. Wanajigawa kwa makundi wanayoyaita nyumba, na kila nyumba ina mama. Mama wa nyumba mojawapo ni Magloire, Mkongo mwenye ndevu, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Hakumzaa yeyote, lakini humwuliza kila mmoja kama amekula, na halali mpaka wote wamwandikie kwamba wamefika makwao. Huku ni kutuumbua sisi walezi. Miongoni mwa watoto wake nilimkuta Asad, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ana miaka minne. Miaka miwili hajakanyaga kwangu, kwa sababu ya maneno ya watu, na maneno yangu yalikuwamo. Magloire humwekea wali kwenye kopo. Nimeuonja. Hauna iliki wala mdalasini. Mwanangu analishwa wali mtupu na mtu baki, na iliniuma.

Kwa hiyo naiomba kamati ilifunge darasa hili upesi, kabla halijatuaibisha zaidi.

Msalimie Bi Suad, mwambie nimemsamehe kiasi. Wasalimie watoto, majirani, na wanakamati wote, hata wale wasiopokea simu zangu.

Ni mimi, dada yenu mwenye masikitiko,
Ibtisam

Tanbihi: Usiisome barua hii kikaoni. Jumapili nitanyoosha mkono kulitetea darasa, na siku hizi mkono wangu ukinyooshwa unaonekana. Alhamisi iliyopita Asad alinisindikiza hadi kituo cha basi. Basi lilipokaribia akaniuliza, kwa Kiswahili, Idi hii tunapika nini.