Mkeka wa Taufau na Mimi Mnyenyekevu

Alhamisi, 26 Septemba

Tumetua Wellington. Wanasema ni majira ya maua. Maua yapo, ila upepo umeyalaza kifudifudi. Kwetu Samoa upepo kama huu tungeupa jina na kukimbilia kanisani.

Tuko kumi na wawili, wote wa kijiji kimoja. Tumekuja kuuona mkeka wa heshima alioufuma Taufau, bibi wa bibi yangu, ambao makumbusho ya hapa yameuhifadhi miaka mingi. Jumamosi mmoja wetu atasimama kuuhutubia kwa niaba ya kijiji. Huyo mmoja ni mimi. Binamu yangu Etuale anadhani ni yeye. Maskini!

Pigo la kwanza: uwanja wa ndege wamekuta vidudu ndani ya fimbo yangu ya usemaji, ile msemaji huishika akihutubia. Wameichukua kuifukiza. Usinga wa Etuale, nao wa usemaji, umepita. Afisa hata aliusifu.

Ijumaa, 27 Septemba

Rosita, binti wa dada yangu anayeishi hapa, ametupeleka bustani ya tulipu. Nikamshawishi Etuale tupande kilima kwa miguu. Nikamwambia ni dawa ya magoti. Goti lake bovu, na hotuba husemwa kwa kusimama. Hesabu rahisi.

Katikati ya kilima miguu yangu ikagoma. Etuale akanikokota hadi juu huku akiimba tenzi. Nikajilaza kwenye nyasi kati ya maua. Akanipiga picha, akaituma kwa kikundi cha kanisa. Mchungaji ameuliza kama mazishi yatakuwa huku huku.

Jioni mke wangu Sinalei kanichoka. "Baba Lupe, si useme tu kwamba unataka? Mkeka wa bibi yako. Nani atakukatalia?"

Hajui siasa. Anayeomba huonekana ana njaa. Desturi yetu, kabla ya hotuba wasemaji hushindania nafasi mbele ya watu. Kila mmoja huvutia kwake, mpaka wengine wamwachie mmoja. Mimi nitajishusha kwanza. Etuale ataona haya, atanisihi nishike nafasi. Nitakataa. Watanisihi wote. Nitakubali kwa huzuni.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimefanya mazoezi ya ile huzuni kwenye kioo. Safi kabisa.

Mkeka ulikuwa mezani, laini kama kitambaa, rangi ya asali. Mama Hinewai, Mmaori anayeutunza, akasoma jina la mfumaji kwa sauti. Taufau. Nilitaka kusema. Sijawahi kutaka kitu hivyo maishani.

Lakini mpango ni mpango. Nikasimama, nikainamisha kichwa, nikamwambia Etuale kwamba yeye ndiye mkubwa, mimi ni nani, ashike nafasi.

Nikasubiri kusihiwa.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema Etuale. "Neno lako nimelipokea."

Kwetu neno likishapokewa halirudi. Akasema nusu saa, goti halikutetereka. Alisema vizuri mno, mshenzi yule. Alivitaja vidole vya Taufau, akamtaja hadi marehemu mama yangu. Watu wakalia. Na mimi nikalia. Nimemwambia Sinalei ni kiyoyozi.

Tulipotoka Etuale akanishika bega. "Mimi nilikuja kukuachia wewe, bwana. Mkeka wenu ule. Ulivyowahi kusimama nikajua moyo umekulemea."

Sikula chakula cha mchana. Sambusa mbili tu za nyama, na za Sinalei.

Jumapili, 29 Septemba

Habari njema! Rosita amekuja mbio. Mama Hinewai anataka mtu mmoja arekodi maneno machache kuhusu mkeka. Yatasikika kando yake kila siku, kwa kila mgeni. Iwe leo, kwa sababu kesho asubuhi tunaruka.

"Mjomba, amekutaja wewe. Namba hii hapa, piga tu useme ndiyo." Sinalei naye akanisukumia simu.

Nimekaa nikatafakari kosa langu la jana. Nimeliona. Nilinyenyekea mara moja tu, na kwa haraka. Nimemwambia Rosita ajibu kwamba sistahili, wampe Etuale. Nikarudia mara tatu, nikiwa nimefumba macho.

Saa nane. Nimekaa na simu mapajani. Kimya.

Saa tisa. Etuale amevaa shati jeupe, ametoka na Rosita kuelekea makumbusho. Bila shaka wamekwenda kupanga namna ya kunibembeleza. Mpango unakwenda vizuri.