Viti vya Wiki ya Huruma

Uvumi nilioukuta kwa muuza samaki ulinig'ang'ania kama tope kwenye kandambili: eti viti vya magurudumu vya Wiki ya Huruma vitapigwa picha pamoja na watoto wetu, kisha vipakiwe lorini, vijiendee. Nikajiambia, Oring, midomo ya watu haina kufuli. Moyo ukakataa. Binti yangu Jhessa ana mtindio wa ubongo: mwili haumsikii, ila akili yake kali kuliko yangu. Bila kiti cha kumshika mgongo hakai darasani, na mgongo wangu wa kumbebea umeshachoka.

Tangazo lilikuwa kubwa. Kapitan wa barangay yetu, yaani mkuu wa mtaa, Wenceslao Pabalate, alitundika bango: uso wake umeng'arishwa hadi ukawa mweupe kama wali, na chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, maneno: kwa wenye mtindio wa ubongo. Kamati ya Kuhisi Wanachohisi Wengine ikaketi, ikaazimia jambo la busara: viongozi wavikalie viti kwanza, waonje. Basi siku yenyewe, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, viongozi wote walikuwa vitini, na watoto mikononi mwa mama zao, wakitazama huruma inavyoonjwa.

"Nay Oring, nifunge mikanda," Kap akaniambia; Nay ndiyo mama kwetu. "Picha itoke ya kweli."

Nikamfunga kifuani, kiunoni, miguuni. Mimi nikifunga, nafunga.

"Baada ya picha, viti vinabaki, Kap?"

"Vibaki wapi? Hivi vya mkoa, vinazunguka. Lori lile pale linangoja."

Ndipo akaingia Bokal Sumagaysay, mjumbe mpya wa baraza la mkoa, ambaye alimjua Kap kwa lile bango tu. Akanitazama mimi, juu ya kichwa cha Kap.

"Huyu anakula mwenyewe?"

"Anakula sana, Bokal."

"Anaelewa akiambiwa?"

"Kidogo. Ukimwambia polepole."

"Mimi ndiye Kapitan," akasema Kap, mdomo umejaa bibingka, mkate wa mchele.

Bokal akampapasa kichwa. "Maskini. Na ndoto anazo."

"Mimi Kapitan kweli, muulizeni huyu mama."

"Usimbishie, Nay," Bokal akaninong'oneza. "Mwache aote."

Jhessa alikuwa anacheka mpaka anatetemeka. Maneno yake huja kwa kukokotwa, akayakokota: "Muulize... mwenyewe."

"Anasemaje?" Bokal akaniuliza mimi.

Nikamwonyesha Jhessa kwa kidevu, amuulize yeye. Hakungoja, akashika kipaza sauti, macho yamemlowa. "Kwa amri ya mkoa, viti hivi haviondoki. Kila mwenye kukihitaji aende nacho nyumbani. Asiyekihitaji asimame tumwone."

Makofi. Viongozi wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja wakiangalia viatu vyao. Kap peke yake alibaki amekaa.

"Nifungue, Nay."

"Subiri, Kap. Lori bado halijaondoka."

Lilipoondoka tupu nikamfungua, Jhessa akakaa kwenye kiti kile. Kap alirudi kwake kwa miguu, kwa njia ya nyuma.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Usikubali picha kabla ya kujua kiti kitalala wapi.

Usipokee kiti kisichomtosha mtoto kwa kuona haya.

Usimlishe mtoto amelala chali.

Usimjibie mtoto swali analoweza kulijibu, hata akichelewa.

Usimpapase mtu kichwa. Jhessa ana miaka kumi na mmoja, hapendi. Kap ana hamsini na tisa, naye hakupenda.