Jicho la Mtaa na Masharubu Yangu

Jumatatu, 4 Mei
Nimefungua blogu! Mimi mwenyewe, kwa kidole kimoja. Mke wangu kanisomea herufi tu. Inaitwa Jicho la Mtaa. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaandikia gazeti, basi anavaa tai hata kwenye joto. Kasikia, kacheka mpaka kapaliwa na chai. Eti shemeji, habari huulizwa pande mbili, kisha mhariri aipitie. Nikamwambia pande mbili ni za wenye muda wa kuchezea. Tukawekeana dau. Jumamosi kinyozi atawauliza wateja wake wanamwamini nani. Atakayeshindwa ananyolewa masharubu palepale. Yake kama nyusi za mtoto. Yangu nimeyalea kuliko nilivyolea wanangu! Sina hofu.

Jumanne, 5 Mei
Habari ya kwanza: MKATE WA MWOKAJI WAKONDA! Nimeuona kwa macho yangu dirishani, niulize nini tena? Hadi adhuhuri mtaa mzima unasoma. Shemeji kasema angeupima kwanza, kisha amuulize mwokaji. Nikamjibu, akimaliza kupima mkate utakuwa umeota ukungu.

Jumatano, 6 Mei
Mwokaji kaja na kile kigongo cha kusukumia unga. Kaniuliza, mzee wangu, nimekukosea nini? Kumbe niliouona dirishani ni nusu mkate. Nusu nyingine alishauza. Sikubishana naye, kigongo kile ni kizito. Nikaingia kwenye blogu, nikafuta, nikaandika: MKATE WA MWOKAJI WANENEPA! Kafurahi, kanipa andazi. Hapo ndipo nilipoona uzuri wa kazi hii. Gazeti likikosea linaomba radhi, kwa maandishi ya kisisimizi. Mimi nikikosea nafuta. Kwa hiyo sijakosea!

Alhamisi, 7 Mei
Balaa. Watu wamejipanga mbele ya tanuri wanadai mkate mnene kwa bei ileile. Mwokaji karudi. Mke wangu kamfungulia mlango, kamwonyesha nilipojificha. Mke gani huyu! Nimebadilisha tena: MKATE UKO VILEVILE. Amani imerudi, wasomaji wamekimbia. Nani asome mkate ulio vilevile?

Ijumaa, 8 Mei
Akili ni nywele, na mimi ninazo hadi mdomoni. Muuza magodoro alitaka kutangaza kwangu. Nikaliandika tangazo lake kama habari: WAZEE WASHANGAZA KWA USINGIZI MNONO! Kanipa godoro jipya. Shemeji kanuna, eti tangazo na habari havilali kitanda kimoja. Nikamwambia kwangu vinalala, godoro ni pana.

Jumamosi, 9 Mei
Kwa kinyozi. Benchi limejaa. Kinyozi kauliza, jamani, nani mkweli, mzee au gazeti? Fundi viatu kasema mzee, kwani alisoma mkate umekonda. Seremala kamrukia: umekonda wapi, mimi nimesoma umenenepa! Mwalimu kaapa kwamba kwenye blogu hiyohiyo alisoma uko vilevile. Wakaanza kuitana waongo. Kidogo wavuane mashati! Kinyozi kanigeukia, kaniuliza upi ndio ukweli. Nikasema yote ni kweli, inategemea umesoma siku gani. Kicheko hicho! Wote wakanyoosha mikono kwa gazeti. Mke wangu naye alikuwa mlangoni, kanyoosha miwili.

Shemeji kaingiwa na huruma. Kasema, basi shemeji, yaishe, nenda na masharubu yako nyumbani. Nani, mimi? Mwanamume hali matapishi yake! Nikakaa kitini, nikamwambia kinyozi akate. Kakata. Mke wangu kasema miaka yote hii hakujua kama nina mdomo wa juu.

Jumapili, 10 Mei
Nimelala usingizi mnono, nikaamka na akili mpya. Gazeti la shemeji limeshachapwa, halibadiliki tena. Blogu ni yangu! Nimeandika: MZEE AMSHINDA MWANDISHI WA GAZETI, KINYOZI ASHUHUDIA! Nimeweka na picha yangu ya mwaka juzi, masharubu yamesimama kama pembe za fahali. Sasa sitoki nje mpaka yaote. Mke wangu kauliza, mume wangu, ukijifungia humu ndani, habari za kesho utazipata wapi? Nimecheka sana. Maskini, bado anafikiri kama gazeti. Za kesho nimeshaziandika.