Dhuluma Mara Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Machi

Nimeonewa! Ukuu wa masjala kapewa Dada Gundi. Mimi nina miaka minane kwenye chumba hiki cha kupokea na kutunza barua za ofisi. Yeye ana mitatu. Jina la Gundi nilimpa mimi, maana bahasha ikichanika tu ameshaibandika. Sasa ndiye atakayeniambia nikanywe chai saa ngapi.

Mke wangu amesema pole. Kisha akauliza kwenye usaili nilijibu nini. Nikamwambia waliniuliza barua inaruhusiwa kukaa mezani kwangu siku ngapi, nami nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini. Usaili wa pili huo, ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Balaa lenyewe ni hili: mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza. Wiki iliyopita nilimwambia kwa simu kwamba cheo nimeshakipata. Niliona kimebaki kutangazwa tu. Kwa hiyo nina siku nne za kazi za kumfanya Bosi abadili uamuzi. Nitaandika barua ya malalamiko. Barua ya kumtoa mtu machozi.

Jumanne, 5 Machi

Kazi sasa ni kutafuta maneno. Nilianza na "nimeonewa". Mke wangu anasema hicho ni kilio cha mtoto aliyenyang'anywa mpira. "Nimepunjwa"? Hilo ni la sukari dukani. "Upendeleo" ni zuri, lakini aliyependelea ni Bosi, na barua inakwenda kwa Bosi. "Hujuma" linaweza kuleta polisi.

Nikaona nimwulize Dada Gundi, kwa ujanja. Nikasema nina rafiki aliyenyimwa haki yake kazini, sijui jambo hilo linaitwaje. Akaweka kalamu chini. Akasema hiyo ni dhuluma, tena ya mchana kweupe, na rafiki yangu asikae kimya, aandike. Akaniongezea "kinyume cha haki", na "pasipo kustahili" kwa yule aliyepewa. Nikanukuu yote. Macho yake yalilengwa na machozi kwa ajili ya rafiki yangu. Nilijisikia vibaya, kama dakika mbili hivi.

Jumatano, 6 Machi

Barua imekamilika. Kurasa tatu. Dhuluma mara kumi na nne. Nimeisoma mwenyewe nikajihurumia sana.

Tatizo moja. Bosi hasomi karatasi iliyo nje ya faili. Kila barua lazima igongwe mhuri, iandikwe kwenye daftari, ifungwe ndani ya faili lake, ndipo faili lipelekwe mezani kwake. Na vyote hivyo vinapita kwa mkuu wa masjala. Yaani malalamiko dhidi ya Dada Gundi yafunguliwe na Dada Gundi!

Nikasubiri aende kula. Mhuri, paa! Daftari nikaliruka. Nikafungua kabati kutafuta faili langu la utumishi, mara nikasikia ndala zake koridoni. Nikachomoa faili la karibu, nikapachika barua, nikalitupa kwenye trei ya Bosi. Alipoingia nilikuwa napiga mluzi. Mimi sijui kupiga mluzi. Akaniuliza kama nina pumu.

Faili gani? Sijui. Lilikuwa la kijani. Mafaili yetu yote ni ya kijani.

Alhamisi, 7 Machi

Bosi kimya. Nimepekua kabati zima nione faili gani halipo. Sikufanikiwa. Badala yake nimekuta barua saba zilizotafutwa mpaka watu wakakata tamaa. Moja ni ile ya likizo ya mhasibu, iliyofanya nipewe karipio mwaka juzi. Nililia sana wakati ule kwamba nimesingiziwa. Kumbe ilikuwa kwenye faili la mapazia, imeandikwa namba kwa mwandiko wangu. Mwandiko mzuri, lazima niseme. Nimezirudisha zote zilikokuwa. Si wakati wake.

Ijumaa, 8 Machi

Bosi katuita, mimi na Dada Gundi. Mezani kuna faili: UKARABATI WA VYOO. Barua yangu imelala juu ya maombi ya masinki mapya. Bosi anasema kaisoma mbele ya fundi bomba, aliyekuja kujadili masinki, na fundi amenipa pole. Kisha sauti ikabadilika. Habari za dhuluma ataziangalia baadaye. Kwanza anataka kujua nani kaweka barua ya siri ya mtumishi kwenye faili la vyoo. Mtu huyo hafai kukaa masjala, atahamishiwa stoo leo hii.

Nikatazama viatu vyangu. Nilijua la kusema. Maneno mawili tu: ni mimi.

Dada Gundi akasema masjala ni yake, kwa hiyo kosa ni lake. Bosi akafoka mpaka miwani ikamshuka puani. Stoo hakumpeleka, ila alimpa onyo la maandishi. Mimi bado natazama viatu. Tulipotoka hakuniuliza kitu. Alisema tu kwamba barua imeandikwa vizuri, ila dhuluma zimezidi kidogo. Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kuunguza masikio.

Saa tisa onyo lake likaletwa masjala lihifadhiwe. Nikalipokea mimi. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane nimeweka barua kwenye faili lake sahihi, tena bila kumuuliza mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kafika na saa ya ukutani. Anasema ofisi ya mkuu haifai kukosa saa. Nikamwambia cheo bado kinashughulikiwa. Mke wangu akasema hapana mama, kapewa mwenzake, akamsimulia yote mpaka fundi bomba. Mama mkwe akaivuta saa upande wake. Kisha akasema huyo dada ana utu, na saa apelekewe yeye. Wa kuipeleka ni mimi!

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi, kwa utulivu kabisa. Dada Gundi kachukua cheo changu, nikavumilia. Kachukua saa yangu. Sasa ofisi nzima itamsifu kwa kubeba kosa. Kosa la nani? Langu! Nami nilikuwa nakaribia kabisa kukiri. Angesubiri kidogo tu, mimi ndiye ningekuwa muungwana, mimi ndiye ningesifiwa na mama mkwe. Hakunipa nafasi. Hata kosa langu mwenyewe nimepokonywa!

Barua mpya imefika ukurasa wa pili. Kesho nitaipeleka kwa Bosi ndani ya faili la Dada Gundi, maana ndilo faili pekee ninalojua lilipo.